Msimwambie Afande Ajitokeze

Polisi akijiua nchini Kenya, taarifa huwa fupi na huwa ile ile. Konstebo wa kituo fulani amepatikana nyumbani kwake akiwa amefariki. Silaha aliyokabidhiwa kazini imepatikana kando yake. Kiini hakijabainika, ila inadaiwa alikuwa na mzozo wa kimapenzi, au madeni, au vyote viwili. Uchunguzi umeanzishwa. Mwishoni mkubwa mmoja anawasihi maafisa wenye matatizo wajitokeze watafute ushauri nasaha. Baada ya hapo hatusikii tena habari za uchunguzi, na si ajabu, maana ulikwisha pale pale kwenye mapenzi na madeni. Mwajiri wa marehemu hatajwi popote isipokuwa kama mwenye bunduki.

Rai iliyojificha ndani ya taarifa hiyo ndiyo inayotawala, vituoni, magazetini na hata vilingeni: kwamba afya ya akili ya polisi ni jambo la polisi mwenyewe. Limetoka nyumbani likaingia naye kazini, na dawa yake ni yeye kufungua kinywa. Wakubwa wanaipenda rai hii kwa sababu haiwagharimu hata senti. Vyombo vya habari vinaipenda kwa sababu ina mwanamke, bunduki na usiku. Maafisa wa vyeo vya chini wenyewe wengi wanaiamini, kwa sababu hayo ndiyo waliyoyasikia tangu siku ya kwanza katika chuo cha polisi cha Kiganjo: anayelalamika amelegea. Nasi raia, hasa baada ya maandamano ya Juni 2024, tumeongeza letu: wacha waumie, wametuumiza vya kutosha.

Mimi naipinga yote. Sehemu kubwa ya yale tunayoyaita matatizo ya akili ya polisi ni majeraha ya kazi, sawa na mguu uliovunjika wakati wa kumfukuza mwizi. Yanatokana na jinsi kazi ilivyopangwa: nani anapelekwa wapi na kwa muda gani, analala wapi, anapumzika lini, na nani ana uwezo wa kumnyima. Ikiwa kuna anayepaswa kujitokeza kwanza, basi ni huyo mwenye uwezo wa kumnyima.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wanaozungumzia akili ya polisi mara nyingi huiruka.

Chukua barabara kuu za kutoka Nakuru kwenda Eldoret na Kericho. Kila Mkenya anayajua majina ya huko: Salgaa, Sachangwan, Makutano ya Londiani, ambako tarehe 30 Juni 2023 lori lilivamia wachuuzi na abiria kando ya barabara na kuua zaidi ya watu 50. Ajali ikitokea, wanaofika kwanza ni wanakijiji, wenye simu za kupiga picha, na polisi wa kituo kilicho karibu. Gari la kubeba maiti mara nyingi halipo, kwa hiyo Land Cruiser ya kituo ndiyo inayobeba. Konstebo mmoja anashika makwapa, mwingine anashika miguu. Glavu zikiwepo, heri. Zisipokuwepo, kazi haingoji. Kisha kuna kupekua mifuko ya marehemu kutafuta kitambulisho, kuandika alivyokuwa navyo, simu moja, shilingi mia tatu, kiatu kimoja cha kushoto, na kumpigia simu mtu aliyepigiwa mwisho. Hiyo simu anaipiga nani? Anaipiga kijana wa miaka 26 aliyefundishwa kwata na kulenga shabaha, na sentensi ya kuanzia anaitunga mwenyewe pale pale, kando ya lami. Wakirudi kituoni, mmoja wao anatafuta ndoo ya maji na sabuni ya unga, anaosha gari, kwa sababu usiku huo lina doria na kesho litabeba washukiwa kwenda mahakamani. Saa kumi na mbili jioni anaingia kaunta kuandika malalamiko ya jirani aliyeibiwa kuku. Kesho, au wiki ijayo, ni ajali nyingine, au mtoto aliyenajisiwa, au mzee aliyechomwa kwa tuhuma za uchawi.

Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi, ulitoa miili zaidi ya 400, ikiwemo mingi ya watoto. Wapelelezi wa mauaji walikaa huko majuma na majuma, kaburi baada ya kaburi. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi zaidi ya 40 waliuawa kwenye mtego wa wezi wa mifugo. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka mafunzoni juzi tu. Waliobaki walirudi kwenye vituo vyao. Kuanzia Juni 2024 tumepeleka wengine Port-au-Prince, Haiti, kupambana na magenge, na wapo waliopoteza maisha huko. Hao nao wanarudi, wanapewa mapokezi, wanapangiwa vituo. Mtu akikuambia kwamba afisa aliyepitia hayo akishindwa kulala ni kwa sababu ya mapenzi, muulize amefikiaje uamuzi huo bila hata kuuliza afisa huyo alipitia kituo gani.

Sasa tuje nyumbani, kwa kuwa nyumbani ndiko wanakotuambia tatizo liko.

Nyumba ya polisi ni mali ya mwajiri. Tangu kikosi kazi cha Jaji Philip Ransley kilipotoa ripoti mwaka 2009, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, hadi kikosi kazi cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kilichokabidhi yake Novemba 2023, habari ya makazi ya polisi haijabadilika: vibanda vya mabati vinavyochemka mchana na kuganda usiku, na chumba kimoja kinachogawanywa kwa pazia ili familia mbili zikae. Pazia, si ukuta. Mume na mke wanagombana kwa kunong'ona. Mtoto wa upande huu anajua mshahara wa baba wa upande ule umekwisha lini. Mwaka 2018 serikali ikabadili mkondo, ikawaambia maafisa wahamie mitaani wapange kwa marupurupu ya nyumba. Waliohama wakakuta wamekuwa majirani wa watu wanaowakamata, na wapo wanaoanika sare ndani ya nyumba ili plotini wasijulikane.

Ongeza uhamisho. Afisa wa Kakamega anapelekwa Mandera; mke ana kibarua chake Kakamega na watoto wako shule. Unaishije ndoa kwa simu miaka mitatu? Likizo ndiyo ingeponya, lakini likizo ni saini ya mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo ana sababu tele za kutotia saini: hakuna watu, kuna operesheni, kuna mitihani ya kitaifa ya kulinda, kuna ziara ya mkubwa, uchaguzi unakaribia, maandamano yanakuja. Kila sababu ni ya kweli. Zikiunganishwa zinatoa mtu ambaye hajalala kitanda kimoja na mkewe tangu mwaka jana, kisha siku akifa tunaambiwa alikuwa na mzozo wa kinyumbani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mzozo huo uliundwa, na karatasi za kuuunda zina mihuri.

Hapa niweke mpaka, maana hoja yangu inaweza kuchukuliwa na watu nisiowataka. Polisi anayemuua mkewe au mpenzi wake hajasukumwa na ukosefu wa likizo. Wanaume wasio na sare nao wanaua wanawake Kenya, nao hawana operesheni Mandera. Kutaka kummiliki mwanamke si ugonjwa wa kazini, na sitaki siku moja wakili asimame mahakamani na makala haya mkononi. Ninachosema ni kwamba mwajiri aliyemjua mtu huyo kuwa mkali nyumbani, aliyesikia majirani wa pazia la pili wakilalamika, kisha akaendelea kumkabidhi bunduki kila jioni, ana kesi yake mwenyewe ya kujibu.

Turudi kwenye ule wito wa kujitokeza. Wakubwa huupamba kwa methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali nzuri. Ila ilitungwa na watu ambao mgonjwa akisema anaumwa, alichemshiwa dawa. Afisa wa polisi akisema anaumwa anahofia mengine kabisa. Anahofia kunyang'anywa silaha mbele ya wenzake na kupewa kazi ya getini. Anahofia kwamba jina lake litapita kantini kabla ya jua kutua. Anahofia kwamba bodi ya kupandisha vyeo itakapokaa, kutakuwa na mtu atakayekohoa likitajwa jina lake. Na anayetakiwa kumwambia mara nyingi ni mtu mwenye cheo: mshauri aliye afisa, kasisi aliye afisa, mkuu wa kituo ambaye ndiye aliyemnyima likizo. Umpigie saluti, kisha umwambie unaota maiti?

Juu ya hayo yote palikuwa na sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na waliokuwa wakiwakamata wenye kosa hilo ni polisi hao hao. Yaani afisa aliyeponea chupuchupu angeweza kuandikwa kwenye kitabu cha matukio na mwenzake wa zamu, kwa namba, kama mwizi wa simu. Ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Wito wa kujitokeza ulikuwa ukitolewa miaka yote hiyo, kwa sauti tulivu na uso wa huruma, na waliokuwa wakiutoa waliijua sheria kuliko mimi.

Siwapingi washauri nasaha. Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi imeanzisha kitengo chao, na hao wachache waliopo wanafanya kazi ya kuhudumia watu zaidi ya laki moja waliotawanyika kutoka Lokichoggio hadi Lunga Lunga. Ninachopinga ni kuwageuza kuwa jibu zima. Kumpeleka mtu kwa mshauri saa moja kisha kumrudisha kwenye zamu zile zile, chini ya mkubwa yule yule, ni kumpa mwavuli huku wewe ndiye unayemmwagia maji.

Wala semina si dawa. Baada ya tukio kubwa, mtindo unaopendwa duniani ni kuwakusanya maafisa ukumbini mara moja, kila mmoja aeleze alichokiona na alivyohisi, wapewe chai, watawanyike. Mtindo huo una historia. Ulipata umbo lake Marekani mwaka 1983, kwa Jeffrey Mitchell, aliyewahi kuwa mzimamoto, na ukaenea kama moto wenyewe, kwa sababu unafaa ratiba na unapendeza kwenye ripoti. Kisha watafiti wakaupima. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2002 yalikusanya majaribio ya kikao kimoja cha namna hiyo, yakakuta kwamba hakizuii ugonjwa wa kiwewe, na kwamba kuna jaribio ambapo waliopitishwa walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko walioachwa. Waingereza katika miongozo yao ya tiba wanashauri kisitumike. Kinachosaidia hakina shangwe wala picha: mtu alale, awe na wenzake anaowaamini, aondolewe kwenye zamu kwa siku chache bila kuomba, afuatiliwe baada ya majuma kadhaa, na yule ambaye hajapona atibiwe na daktari au mwanasaikolojia kwa tiba kamili, si mawaidha. Yote hayo yanahitaji mtu wa kupanga ratiba. Mtu huyo ni mkuu wa kituo, na hakuna aliyewahi kumpima kwa kazi hiyo.

Kuna pia jambo la bunduki, ambalo watu hulikwepa kana kwamba ni la aibu. Fikra zilizozoeleka husema kwamba anayetaka kufa atapata njia tu. Si kweli, na ushahidi mzito umetoka jeshini. Mwaka 2006 jeshi la Israeli liliacha kuwaruhusu wanajeshi wake kwenda na silaha nyumbani mwisho wa wiki. Watafiti waliofuatilia waliona vifo vya kujiua vikipungua kwa takriban asilimia 40, na upungufu ulikuwa wa mwisho wa wiki. Siku za kazini, ambapo silaha ilikuwepo kama kawaida, hazikubadilika sana. Vijana walikuwa wale wale, na huzuni zao pengine zile zile. Saa ile mbaya iliwakuta bila bunduki, ikapita. Kwetu, zile taarifa fupi hazichoki kututajia silaha ya kazini iliyopatikana chumbani. Ilifikaje chumbani? Swali hilo ni la ghala la silaha na daftari lake, si la mapenzi. Linahitaji kufuli, msimamizi mkali wa daftari, na utaratibu wa kuweka silaha pembeni kwa wiki mbili ambao utamhusu kila aliyepitia tukio baya, mzima na mgonjwa, ili kuikosa bunduki kusiwe alama ya mtu.

Atainuka mzee mmoja mstaafu aniambie: enzi zetu hatukuwa na mambo haya. Shikamoo mzee. Mlikuwa nayo. Mliyaita pombe, mkayaita ukali, mkayaita "yule afande usimsogelee asubuhi." Novemba 2010, huko Siakago, Embu, polisi mmoja aliua watu 10 usiku mmoja, wakiwemo wenzake wawili. Desemba 2021, Kabete, mwingine akaua mkewe na watu wengine mtaani kabla ya kujiua. Kati ya usiku huo wa kwanza na wa pili ni miaka kumi na moja. Ukakamavu wa Kiganjo haukupungua katika miaka hiyo. Kama ungekuwa kinga, ungekuwa umeshakinga.

Naijua hoja inayouma zaidi, na inatoka kwa raia. Juni 25, 2024, vijana walipigwa risasi nje ya Bunge. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, aliingia Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi akiwa hai na hakutoka hai. Nani ana machozi ya kumlilia karao?

Sijaomba machozi. Najibu mawili. La kwanza, amri si ugonjwa. Kikosi kinapopelekwa kuua waandamanaji, au mtu anapopigwa seli hadi kufa na kisha wenzake wakapanga uongo, hilo ni jinai, na mahali pake ni IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, na mahakama. Yeyote atakayelifunika kwa maneno ya msongo wa mawazo anatudanganya, na anawatukana maafisa maelfu wenye msongo ambao hawajamwua mtu. Nimewasikia wakubwa wakisema "maafisa wamechoka" muda mfupi baada ya mauaji, ilhali miaka yote ambayo maafisa walikuwa wamechoka na hawajaua mtu, hawakuwahi kulisema.

La pili, raia ndiye wa kwanza kumwonja polisi asiyelala. Unamwonja kwenye kizuizi cha barabarani saa tisa usiku, unamwonja kaunta unapokwenda kuripoti ubakaji ukakutana na macho yasiyoona kitu. Mwanamke aliyekwenda kuripoti hana haja ya kumpenda konstebo. Ana haja ya konstebo aliyelala, aliyekula, ambaye hajabeba maiti tatu mchana huo bila kuulizwa hali. Kauli mbiu ya polisi ni Utumishi kwa Wote. Huo utumishi unaanzia mahali, na wote ni pamoja na wanaovaa sare.

Watasema hakuna pesa. Nyumba zinataka pesa, kweli. Na mishahara, ambayo Maraga alipendekeza iongezwe, inataka pesa. Madaktari wa akili ni wachache nchi nzima, na kikosi kazi cha Dkt. Frank Njenga kilishapiga kengele mwaka 2020 kikitaka afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Lakini daftari la ghala la silaha halihitaji mfadhili. Likizo iliyo kwenye kandarasi imeshalipiwa. Kuacha kumpeleka mume Mandera na mke polisi Kwale ni kazi ya kalamu. Kuondoa siku tatu za zamu kwa aliyefukua makaburi ni kazi ya kalamu pia.

Kwa hiyo tuanzie kwenye kalamu. Inspekta Jenerali atoe kila robo mwaka orodha ya vituo na idadi ya siku za likizo ambazo maafisa wa kila kituo wanadai, kisha aibandike hadharani kama vinavyobandikwa vyeo vipya. Mkuu wa kituo atakapokuja mbele ya bodi kutaka nyota nyingine begani, asiulizwe ameitisha semina ngapi. Aulizwe ni wangapi walio chini yake hawajaenda nyumbani tangu Krismasi, ni nani aliyetia saini ya kuwanyima, na kwa nini bunduki tatu za kituo chake hazikurudi ghalani Jumamosi. Asipokuwa na majibu kwenye karatasi, nyota hiyo ibaki mezani.